Jagari aliposhuka jukwaani 1977: uchambuzi wa kisa cha mwimbaji wa rock wa ng'ambo ya mpaka

Mwaka 1977 mwimbaji wa kundi la rock lililopendwa sana Zambia aliacha jukwaa akaenda kushika chaki. Jina lake Emanyeo Chanda, lakini tangu ujana watu walimwita Jagari, kwa jinsi alivyomfuata Mick Jagger wa Rolling Stones kwa kuimba na kurukaruka. Alizaliwa 1951, kwa hiyo alikuwa kijana wa miaka 26 hivi. Kundi lake, WITCH, lilikuwa limekwisha toa LP (santuri ndefu) tano, na ya mwisho katika hizo waliiita Including Janet, wakaandika jaladani kabisa kwamba ndani mna wimbo uliokwisha vuma. Hapo ndipo alipoondoka.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu kimezusha ubishi hapa kwetu Lubumbashi, katika parseli moja ya Katuba ambako vijana wanne hufanya repetisyo yao jioni umeme ukiwepo, na usipokuwepo huchanga mafuta ya jenereta. Wanapiga rock kwa maneno ya Kiswahili cha kwetu, jambo ambalo majirani wamelizoea kwa shingo upande. Mpiga dramu wao amepata kazi Kolwezi, kwa kampuni ya ukandarasi inayohudumia migodi: mkataba wa kuandikwa, mshahara wa dola, kitanda kambini. Mpiga solo hataki hata kusikia habari hiyo. Siku waliponiita niwasuluhishe, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwao, yaani yaya wao, na niliwahi kupiga besi zamani, mpiga solo alinitolea mfano wa Jagari.

"Yaya, angalia Jagari. Alikuwa juu kabisa, akaacha. Myaka makumi tatu batu bakamusahau. Na ule wetu naye njo anataka kufanya vile vile?"

Mfano mzuri, ila nadhani ameusoma kinyumenyume. Ukikifuata kisa cha Jagari kwa utaratibu, mwaka kwa mwaka, utaona kwamba hakuuangusha muziki ule kwa kuondoka. Ulikuwa umekwisha anza kuanguka, na aliyeusukuma hakuwa mwanamuziki hata mmoja. Ilikuwa bei ya shaba.

Tuanzie Kitwe. Ukitoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa ni kilometa kama 90. Ukivuka mpaka unapita Chililabombwe, Chingola, kisha Kitwe yenyewe na mgodi wake wa Nkana. Ardhi ni ile ile, madini ni yale yale, na hata koo nyingi ni zile zile, Walamba na Wabemba wakiwa pande zote mbili. Jagari alilelewa Kitwe, mji wa wachimbaji waliolipwa mwisho wa mwezi. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba ilikuwa zaidi ya tisa ya kumi ya mauzo yake ya nje. Fedha ilikuwapo, na kijana wa mjini aliweza kuota kununua gita la umeme.

Sasa kwa nini upande ule kijana aliota rock, na upande huu akaota rumba? Swali hili huulizwa sana hapa na hujibiwa kwa dharau, eti Wazambia walipenda vya wazungu. Jibu hilo ni la uvivu. Kwanza, rumba ya Kongo ilipendwa mno Zambia, na mpaka leo inapendwa. Pili, tazama njia ya santuri. Kwetu zilitoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako studio kama Ngoma zilianza miaka ya 1940, na redio ya mji mkuu ikazibeba nchi nzima kwa Kilingala. Kwao zilitoka Uingereza, kwa Kiingereza cha shuleni na cha ofisi za migodi. Kila upande ulikunywa kisima kilichokuwa karibu na mlango wake. Kijana wa Kitwe alisikia Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath. Kijana wa Lubumbashi wa umri huo huo alisikia Zaïko Langa Langa, kundi lililozaliwa Kinshasa Desemba 1969. Na ukiisikiliza Zaïko ya mwanzo vizuri, ilivyotupa vyombo vya kupuliza ikaacha magita na dramu vitawale, utaona vijana wa pande zote mbili walikuwa na hamu moja: kelele yao wenyewe, tofauti na ya baba zao.

Kulikuwa na jambo la tatu, la kiserikali. Katika miaka ya 70 Rais Kenneth Kaunda aliamuru redio ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95. Kwa mtangazaji ilikuwa shida, maana santuri za nyumbani zilikuwa chache. Kwa makundi ulikuwa mlango uliofunguka wenyewe. Amri hiyo huwa naiwazia kila nikisikia wasanii wetu wakilalamikia redio za hapa, halafu nakumbuka kwamba amri peke yake haina nyaya za gita ndani yake. Tutafika huko.

WITCH walikusanyika kutoka makundi mengine ya vijana. Pamoja na Jagari walikuwamo Chris Mbewe na John Muma kwenye magita, Gedeon Mulenga kwenye besi, Paul Mumba kwenye kinanda, Boidi Sinkala kwenye dramu. LP yao ya kwanza, Introduction, ya 1972, hutajwa kwa kawaida kuwa LP ya kwanza iliyouzwa kibiashara na kundi la Zambia. Ikafuata In the Past 1974, halafu Lazy Bones!! 1975, na hii ndiyo vijana wa Katuba waliyonipigia siku ile kwa simu iliyochomekwa kwenye bafle, yaani spika, la zamani la kanisani.

Niliwaomba wasimame kidogo, tusikilize bila kubishana. Gita limepakwa ule mkwaruzo mzito wa fazi mpaka noti zinakaribia kupasuka, pembeni pedali ya wah inavuta sauti kama inataka kusema, na dramu hazina haraka. Juu yake Jagari anaimba karibu na maikrofoni, bila kupiga kelele. Hapo ndipo watu wengi hukosea wakimwita mwigaji wa Jagger. Kwa kucheza, ndiyo. Habari za maonyesho yake zote zinasimulia mtu aliyejaa jukwaani na kuwatia umati wazimu, katika maonyesho yaliyokwenda mpaka usiku mwingi. Kwa kuimba alikuwa mtulivu kuliko bwana yule, na mwenye huzuni zaidi. Ukisikia Black Tears au Motherless Child utanielewa. Huo ni uimbaji wa mtu aliyekua kwenye nyimbo za kanisa na shule kabla hajakutana na rock, ingawa hilo ni hukumu ya sikio langu tu.

Mpiga dramu, ambaye alikuwa bado hajasema neno, akasogeza kiti akajaribu kuifuata midundo ile. Pedali ya dramu lake kubwa imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na sahani moja ya shaba imepasuka ukingoni. Wameitoboa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee. Ilinijia kwamba mahali panapochimbwa shaba kwa malori na malori, sahani ya dramu haipatikani, na ikipatikana bei yake ni ya kitu cha dukani Ulaya. Na hapa ndipo penye kiini cha kisa chote.

Gita la umeme halichimbwi. Nyaya zake, pedali, taa za amplifaya, plastiki ya kukandamizia santuri, mkanda wa studio, vyote huingia kwa fedha za kigeni. Zambia ya miaka ya 60 na mwanzo wa 70 ilikuwa na fedha hizo kwa sababu shaba ilikuwa ghali. Aprili 1974 bei katika soko la London ilipita pauni 1,300 kwa tani. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na haikuinuka kwa miaka. Soma tena tarehe za santuri: In the Past imetoka mwaka wa bei ya juu kabisa. Lazy Bones!!, ambayo wengi huiona ndiyo kilele cha kundi, imetoka wakati kisima kimeanza kukauka.

Juu ya bei kukaja njia. Januari 1973 Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka wake na Zambia. Agosti 1975, vita vya Angola vikakata reli ya Benguela, iliyopeleka shaba ya Zambia na ya kwetu bandarini Lobito. TAZARA, reli ya kwenda Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, baada ya mizigo mingi kulala. Zambia ilikuwa pia imewapa hifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani, na vita vile vilivuka mipaka. Nyakati za hatari zilileta amri za kutotembea usiku. Fikiria maana yake kwa kundi ambalo maonyesho yake huanza jioni na kumalizika alfajiri inakaribia. Onyesho likigeuka kuwa la mchana, mchimbaji yuko shimoni au amelala baada ya zamu. Anayebaki ni mwanafunzi asiye na kiingilio.

Wazee wa hapa hawahitaji kuhadithiwa haya. Reli ile ile ya Benguela ilikuwa yetu. Gécamines, kampuni ya serikali yetu iliyochukua migodi ya Union Minière ya Wabelgiji mwaka 1967, ilikuwa ikiuza katika soko lile lile la London. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, maduka na biashara za wageni zikagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua hata oda huandikwa namna gani, na rafu zikabaki tupu. Na mwaka 1977, huo huo wa Jagari, ikaja vita ya kwanza ya Shaba, jina la Katanga wakati ule, ile ambayo watu waliiita vita ya siku 80. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anayesema "aliacha akiwa juu" anasahau kwamba juu penyewe palikuwa pameanza kuporomoka, huku na huko kwa pamoja.

Kundi lenyewe liliona mabadiliko. Lukombo Vibes, ya 1976, ni santuri tofauti kabisa na zilizotangulia: fazi imepungua, midundo ya nyumbani imeingia, na nyimbo kama Kangalaitoito na Nasauka zimeacha Kiingereza. Wapenzi wa rock nzito, hasa wale wa Ulaya wanaoikusanya leo, huipita haraka. Mimi naiona ndiyo santuri ya watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuishi na wasikilizaji wao wapya, wale wasio na fedha ya kununua gita wala hamu ya kuimbiwa habari za London.

Turudi basi kwenye uamuzi, tuuweke mezani kama mtu wa 1977, ambaye hajui yatakayotokea baadaye. Upande mmoja ana jina, ana mashabiki, ana LP mpya. Lakini LP huuzwa kwa watu ambao mishahara yao imeanza kuliwa na bei za vitu, katika nchi ambayo kaseti za kunakili zinaingia, na kaseti ya kunakili haimpi mwimbaji hata ngwee moja. Fedha yake kubwa ni ya kiingilio mlangoni, na mlango huo unafungwa mapema siku hizi. Vyombo vikiharibika, mbadala haupo dukani. Upande wa pili kuna ualimu: mshahara mdogo lakini wa kila mwezi. Mtu mwenye akili ya kawaida angechagua nini? Naona jambo la kushangaza ni kwamba alikawia mpaka 1977.

Mpiga solo hakukubali. "Lakini yaya, wenzake baliendelea."

Kweli, waliendelea, na hili ni muhimu kuliko yote aliyoyasema jioni ile. WITCH haikufa. Ilimpata mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, ikageukia disko na muziki wa kudansi, ikatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Ni santuri zilizopigwa kwa ustadi. Lakini sikiliza: rock imekwisha. Fazi imekwisha. Kama kundi lenyewe lilibidi kuiacha rock ili liendelee kuitwa kila Jumamosi, basi Jagari angebaki angekuwa akiimba disko, au angeondoka miaka miwili mitatu baadaye bila mshahara wa mwalimu. Aliyeendelea na kushinda kweli ni Paul Ngozi, yule wa Ngozi Family. Yeye alishuka moja kwa moja kwenye lugha za watu na mambo ya mtaani, ndoa, pombe, majirani, akapendwa mpaka alipofariki 1989. Kwa hiyo kubaki kuliwezekana, kwa mtu mwenye kipaji cha namna hiyo. Jagari alikuwa mwimbaji wa namna nyingine. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Tusipite mbali tukasahau wa kwetu. Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Wimbo wake Masanga, kwa kidole gumba na cha shahada tu, ulifika Nairobi kabla yake. Alipofika mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 50 alikaa muda, akawa na kipindi redioni, na kizazi kizima cha wapiga gita wa Kenya kikajaribu kumwiga. Mwaka 1969 alipiga Newport, kwenye tamasha kubwa la muziki wa kiasili Marekani. Mtu wa jina hilo, ungedhani aliishi kwa gita. Hakuishi hivyo. Alifanya kazi za kuajiriwa, akaendesha bendi yake Super Shaba hapa mjini, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Alipokufa katika ajali ya gari Septemba 1990, alikuwa bado anapiga vizuri. Santuri aliyorekodi Cape Town mwaka 1988 ni ushahidi. Hapa Katanga hatujawahi kuwa na kiwanda cha nyota kama Kinshasa. Mwanamuziki wetu amekuwa mfanyakazi anayepiga gita, na sijui ni nani aliyetufundisha kuona haya kwa jambo hilo.

Miaka iliyofuata ya Jagari nitaipita upesi, kwa kuwa haina muziki mwingi. Baada ya ualimu akaja kuwa mchimbaji wa vito, kazi ya sururu na jua ambayo mtu wa Katanga haihitaji kuelezwa. Wenzake wa kikosi cha kwanza wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki peke yake. UKIMWI ulikifagia kizazi kile cha wanamuziki wa Zambia, na maisha ya barabarani, ya usiku na pombe, hayakuwasaidia. Sisemi kwamba chaki ilimwokoa. Kifo hakina kanuni nyepesi hivyo. Nasema tu kwamba kati ya wale vijana, ni yeye aliyekuwapo simu ilipolia.

Na simu ililia kutoka mbali. Wakusanyaji wa santuri Ulaya na Marekani walikuwa wamezitafuta LP za Zambia za miaka ya 70, zile chache zilizosalia bila mikwaruzo, na wakaziuziana kwa bei za ajabu ambazo hazikumfikia aliyeziimba. Kisha kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikachapisha upya kazi za WITCH mwanzoni mwa miaka ya 2010. Jagari, mzee wa miaka 60 sasa, akatoka kwenye vito akapanda tena jukwaani. Kufika 2017 alikuwa akizunguka Ulaya na kundi jipya, wakiwamo vijana wa Uholanzi waliozaliwa baada ya yeye kuacha, pamoja na Patrick Mwondela kwenye kinanda. Filamu juu ya maisha yake ilitoka 2019. Mwaka 2023 wakatoa Zango, albamu iliyorekodiwa DB Studios, Lusaka, ambamo Sampa the Great, mwanamuziki wa Zambia wa kizazi cha leo, anaimba naye. Nyingine, Sogolo, ikafuata 2025. Mtu aliyeacha akiwa na miaka 26 ametoa albamu mpya akiwa na zaidi ya 70.

Hapo mpiga solo alinyamaza kidogo, halafu akapata hoja nyingine, na mara hii alikuwa na haki. Akasema bahati ya namna hiyo haipangiki. Huwezi kumwambia batteur, yaani mpiga dramu, aende Kolwezi akingojea mzungu wa Los Angeles aje kumtafuta mwaka 2060.

Sawa kabisa. Kurudi kwa Jagari kulikuwa bahati, na mtu asitoe somo kwenye bahati. Lakini ndani ya bahati ile kulikuwa na vitu viwili ambavyo vilitengenezwa kwa mikono. Cha kwanza ni santuri zenyewe. Kama WITCH wangepiga maonyesho tu, hata yawe makali namna gani, leo kusingekuwa na cha kuchapisha upya. Makundi mangapi ya Lubumbashi ya miaka ile yalijaza mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, na leo hatuna hata dakika tatu za sauti yao? Redio ilikuwa na kanda, na kanda hupanguswa zikarekodiwa juu. Cha pili ni majina. Kampuni inayochapisha upya huuliza nani aliandika wimbo, nani anaumiliki, nani aliye hai wa kutia sahihi. Kundi lisiloacha jibu, watoto wake hugombana mbele ya mgeni mwenye mkataba mkononi, na mgeni huondoka na bei ya chini.

Zambia ilipata sheria yake mpya ya hakimiliki mwaka 1994, miaka 17 baada ya Jagari kuondoka. Kwetu sheria iko tangu tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la haki za watunzi lilikuwapo hata kabla yake: SONECA, iliyoanzishwa 1969, ambayo nafasi yake baadaye ilichukuliwa na SOCODA. Mtunzi husajili wimbo kwa jina lake na sehemu yake. Karatasi hiyo haimletei mtu fedha kesho, na anayeahidi hivyo anadanganya. Inaweka tu wazi nani alifanya nini, wakati wote wangali wakikumbuka.

Basi kama hukumu yangu inatakiwa: mpiga dramu aende Kolwezi. Amekuwa akipiga kwa pedali ya mpira wa baiskeli, na mshahara wa miezi michache utanunua pedali ya kweli na sahani isiyopasuka, vitu ambavyo kundi zima limeshindwa kuvinunua kwa viingilio. Kabla hajaondoka, warekodi kila wimbo walio nao, hata vibaya, hata kwa maikrofoni mbili, wahifadhi mahali zaidi ya pamoja. Na waandike majina.

Mpiga solo alichukua hilo la mwisho kwa hasira, lakini alilichukua. Wakatoa daftari la shule, wakaanza: wimbo wa kwanza, maneno ya fulani, melodia ya fulani. Tatu za mwanzo zilipita bila neno. Wa nne, ule ambao hata majirani huuimba, mpiga dramu akasema kiitikio ni chake, alikileta kutoka kwa bibi yake Kasenga. Mpiga solo akasema kiitikio bila gita si kitu, na gita ni lake. Mpiga besi, aliyekuwa kimya tangu jua kuzama, akawakumbusha kwamba mstari wa pili aliuandika yeye, na wote wawili wakamgeukia. Nilipoondoka jenereta lilikuwa limekwisha zimwa, na bado walikuwa wakibishana gizani kuhusu mstari wa pili.